Shughuli ya Jino Nyumbani kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hajajua kuazima viti na maturubai ili awaringie majirani, wanyama walikuwa wanaujua ujinga huo vizuri sana. Msicheke bado. Nyamazeni nianze.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Majigambo. Wanyama wa hapo walijenga nyumba, wakalima mpunga bondeni, wakaoana, wakagombana na wakwe, kama sisi tu. Na walivyopenda shughuli! Mtoto akiota jino, shughuli. Mtoto akianza kutambaa, shughuli. Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, alifanya shughuli kwa sababu amepaka ukuta chokaa. Wiki iliyofuata Kiboko akafanya shughuli kubwa zaidi, kwa sababu ukuta wake haukuhitaji chokaa.

Shughuli ya Majigambo haikuwa chai na maandazi, wanangu. Ilikuwa pilau, masinia kwa masinia, kila sinia limefunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichosukwa kwa rangi. Nyama haikupikwa, maana nusu ya wageni ndio nyama wenyewe. Lakini mchele, lo! Ghala zima liliingia matumboni mwa watu mchana mmoja. Na baada ya hapo mwenye nyumba alikula nini? Alikula sifa. Kiangazi kikifika, sifa haziivi hata ukichochea kuni namna gani.

Wageni wa Majigambo nao walikuwa na adabu yao. Mgeni mwenye heshima akikaribishwa chakula hasemi ndiyo. Anasema, "Ahsante, nimeshakula." Mwenye nyumba anambembeleza. Mgeni anakataa tena. Mwenye nyumba anaapa kwa jina la mama yake kwamba hatamwelewa. Hapo ndipo mgeni anashusha pumzi, "Haya, kwa ajili yako tu," kisha anakula mpaka sinia linang'aa. Ndivyo walivyofanya wote, na kila mmoja alijua mwenzake anadanganya.

Basi, juu ya mwamba pembeni ya kijiji aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao. Pimbi mwamjua: mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kuringia. Bi Pimbi alikuwa mama wa kupima mambo. Mchele wa kula nyumba nzima aliupima kwa kifuu kimoja cha nazi. Kifuu kimoja asubuhi, kifuu kimoja jioni, basi. Mkeka ukichanika alishona. Chungu kikipasuka mdomo alikigeuza upande mwingine, maisha yakaendelea.

Bi Fisi, jirani yake, hakuweza kuvumilia kuona hayo.

"Shoga!" alikuwa akimpigia kelele kutoka chini ya mwamba. "Unapika kwa kifuu? Unamlisha nani, kasuku?"

"Nalisha wanangu, shoga."

"Mie nyumbani kwangu hatupimi! Tunamimina tu, bwaa!"

"Naona. Ndiyo maana jana ulikuja kuazima mchele."

Bi Fisi alijifanya hasikii, akaenda zake akitikisa kanga mpya.

Siku moja yule kitinda mimba wa Pimbi akapiga mwayo barazani. Bi Fisi alikuwa anapita. Akasimama. Akainua shingo. Akatazama ndani ya kinywa cha mtoto wa watu.

"Jino! Jamani, jino! Mtoto wa Pimbi ameota jino!"

Habari zikatimka. Hata jua halijageuka, Mzee Tembo alikwishafika chini ya mwamba, tu, tu, tu, ardhi inatikisika, na Kiboko nyuma yake anahema.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee Tembo. Shikamoo," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia jino. Shughuli lini?"

"Mzee, mwaka huu mvua zilikuwa chache. Mchele nilio nao ni wa kuwavusha watoto kiangazi. Nikiupika mchana mmoja..."

"Aa-aa!" Tembo akainua mkonga. "Utaratibu unaujua. Nyumba isiyolisha kijiji haichoti maji kisimani. Sikuutunga mimi."

Alikuwa ameutunga yeye, tena akiwa ameshiba.

"Ijumaa," akasema Kiboko akilamba midomo. "Ijumaa ni siku nzuri. Sisi tutakuja wote."

Wakaondoka. Bi Pimbi akaketi mlangoni mwa ghala lake. Akautazama mchele, akawatazama watoto. Alihesabu kichwani vifuu vya asubuhi na vya jioni, kuanzia siku hiyo hadi mvua zitakaporudi. Vilitosha barabara, bila hata kimoja cha ziada. Akipika pilau, watoto watakufa njaa. Asipopika, watakufa kiu. Machozi yakamtoka, nami simlaumu.

Mumewe, Bwana Pimbi, yeye alikuwa anatembea huku na huku barazani, kifua mbele.

"Mke wangu, hii ndiyo nafasi yetu! Pika ghala lote! Wajue kwamba na sisi ni watu!"

"Na watoto watakula nini kiangazi?"

"Heshima, mke wangu! Heshima kwanza!"

"Haya, heshima. Inapikwa kwa maji kiasi gani? Unaichambua kwanza au unaitia na mawe yake?"

Bwana Pimbi akakohoa. "Mambo ya jikoni ni yako. Siku ya shughuli mwanamume hakanyagi jikoni, anakaa barazani na wageni. Mimi nataka nione masinia tu, mazito, yamejaa."

Bi Pimbi akageuka. Akatazama jikoni, akatazama mwamba, akatazama mawe yaliyotapakaa kila upande wa nyumba yao. Akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Mazito, bwana? Utayapata mazito."

Kesho yake akashuka kwenda kwa Kiboko kuazima masinia. Akamkuta amejilaza kwenye tope.

"Kaka Kiboko, hujambo? Naomba masinia yako makubwa na kawa zake. Mwenye vyombo vya maana kijiji hiki ni wewe peke yako."

"Kweli kabisa! Chukua, chukua."

Bi Pimbi akayabeba, akapiga hatua, akasimama, akaguna. "Mh!"

"Unaguna nini?"

"Hapana, kaka. Mimi si mtu wa maneno."

"Sema!"

"Nimesikia tu njiani. Eti kwa Mzee Tembo wanasema wewe kwako hakupikwi. Wanasema ndiyo maana kwenye shughuli ukibembelezwa kidogo tu unaporomokea sinia. Eti Ijumaa watautazama mkono wako."

"Nini?" Kiboko akainuka topeni, chubwi! "Mimi? Kwangu chakula kinamwagwa! Samaki wanakichoka!"

"Nami ndivyo nilivyosema. Nikawaambia, Kaka Kiboko hata akibembelezwa siku nzima hatagusa, maana anatoka kwake ameshiba."

"Hivyo hivyo! Ijumaa watanitambua!"

Kutoka hapo Bi Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Mzee Tembo kuazima mikeka. Akaipata. Akapiga hatua, akasimama, akaguna. "Mh!"

Nanyi mnajua yaliyofuata. Aliyomwambia Kiboko kuhusu Tembo, alimwambia Tembo kuhusu Kiboko. Masikio ya Tembo yakasimama wima.

"Kiboko asema mimi nina njaa? Mimi? Mkuu wa kijiji?"

"Na mimi nikakataa, Mzee. Nikamwambia, Mzee Tembo kusema 'nimeshiba' ni amri, si mzaha. Akisema ameshiba, ameshiba."

"Umesema vema, mwanangu. Ijumaa atajua nani ana njaa."

Mkubwa akitaka kuonekana amekula, mdogo humpa nafasi aonekane. Bi Pimbi akarudi kwake anaimba.

Ijumaa ikafika. Bi Pimbi alifunga mlango wa jikoni, akawasha moto. Akachukua kitunguu kimoja, kimoja tu, akakikatakata na kukikaanga na bizari kidogo. Chwaaa! Kisha akakaa na kipepeo, anapepea moshi kuelekea kijijini. Pe, pe, pe. Kitunguu kimoja kikakilisha kijiji kizima kupitia puani. Bi Fisi kule chini alisimama katikati ya kufua, povu linamtiririka viwikoni, akafumba macho.

"Mume wangu," akasema, "leo Pimbi amekwisha. Amepika ghala zima."

"Twende basi!" akasema Fisi, mate yanamdondoka. "Twende mapema!"

"Wewe! Utanitia aibu! Tukifika pale utasema umeshiba, unasikia? Nasi leo tutabembelezwa kama wakubwa."

"Lakini mie sijashiba."

"Kusema si lazima ushibe!"

Kule jikoni Bi Pimbi alikuwa anapasha moto mawe. Mawe ya mviringo, aliyoyaokota mlangoni mwake bila kumwomba mtu. Akayapanga kwenye masinia ya Kiboko, akayanyunyizia maji, fwiii, mvuke ukapanda. Akafunika kila sinia kwa kawa. Ukipita karibu ungeona mvuke unatoka ukingoni na kusikia harufu ya kitunguu na bizari, nawe ungeapa kwamba mle ndani mna pilau.

Akamwita mumewe mlangoni. "Bwana, peleka masinia."

Bwana Pimbi akabeba la kwanza. "Uuuh! Mke wangu, zito hili!"

"Si ulitaka mazito?"

"Umenifanya mwanamume leo!" akasema, na akaenda nalo barazani, jasho linamtoka, uso umejaa furaha. Maskini.

Wageni walikuwa wamekwishakaa mikekani. Mzee Tembo alikaa mbele, Kiboko akakaa mkabala naye. Hawakusalimiana vizuri. Fisi alijibanza karibu na sinia la mwisho, mkewe amemshika sikio. Mtoto mwenye jino akapitishwa, akafunguliwa kinywa, jino likatazamwa, likasifiwa, akarudishwa kwa dada zake.

Bi Pimbi akatoka amejitanda kanga yake ya siku zote, ile yenye kiraka. Akasimama mbele ya wageni. Ningekuwa mimi ningetetemeka. Kawa moja tu ingefunuliwa, habari yao ya maji ingeishia hapo hapo.

"Wageni wetu, karibuni chakula. Mzee Tembo, wewe ndiwe mkubwa. Karibu unawe."

Tembo akajinyoosha, akamtazama Kiboko kwa pembe ya jicho.

"Ahsante, mwanangu. Mimi nimeshakula."

"Mimi pia nimeshakula!" akadakia Kiboko. "Tena nimekula sana."

"Mimi nimekula mara mbili," akasema Tembo.

"Mimi nimekula mpaka nimekitupa kingine."

"Mimi nimekitupa kabla sijaanza kula!"

Nguruuuuu! Tumbo la Tembo likalia mpaka kawa zikatikisika. Watu wote wakatazama mawinguni.

"Mvua hiyo," akasema Tembo upesi.

"Ya huku au ya kwako?" akauliza Kiboko, na la kwake nalo likajibu, guru guru guru.

Sasa ikawa zamu ya mwenye nyumba kubembeleza, kama adabu inavyotaka. Tembo akangoja. Kiboko akangoja. Mkonga wa Tembo ulikuwa umekwishaanza kusogea kidogo kidogo kuelekea kwenye sinia, unangoja tu kuapiwa.

Na hapo nani alisimama? Bwana Pimbi! Yeye hakujua lolote, na adabu zake zilikuwa kamili. Akashika kifua.

"Jamani, haiwezekani! Mzee Tembo, onja kidogo tu! Nakuapia kwa jina la mama yangu..."

Bi Pimbi akamkanyaga mguu. Pwa!

"Aii!"

"Bwana! Unafanya nini? Unataka kumlisha Mzee Tembo kwa nguvu, kama mtu asiye na chakula kwake? Mbele ya Kaka Kiboko?"

Kiboko akacheka puani. Tembo akarudisha mkonga kwa haraka kama aliyegusa moto.

"Ati kunilisha mimi kwa nguvu!" akanguruma. "Nimesema nimeshiba! Mtu asinibembeleze!"

"Wala mimi!" akasema Kiboko. "Atakayenibembeleza amenitukana!"

Bi Pimbi akainama kwa heshima. "Nisameheni mume wangu, ni mgeni wa mambo haya. Na wewe, shoga yangu Bi Fisi? Mmeshiba?"

Bi Fisi akameza mate. Tembo ameshiba, Kiboko ameshiba, atasemaje yeye kwamba ana njaa, na kanga mpya mwilini?

"Mie? Mie nimeshiba tangu jana, shoga."

"Lakini mie..." akaanza Fisi.

Mkewe akamfinya. "Na yeye ameshiba!"

"Alhamdulillahi!" Bi Pimbi akapiga makofi. "Jamani, kuna yeyote aliye na njaa? Mwenye njaa aseme, asione haya."

Mtu hakusema neno. Yaliyosema ni matumbo, nayo hayakuulizwa.

"Basi mmenipa heshima kubwa. Bwana, ondoa masinia. Mzee Tembo, na kile kisima?"

Tembo akaguna, akajikuna, akatazama masinia yakirudi ndani, mvuke unayafuata. Machozi yalimlengalenga. "Chota maji, mwanangu. Shughuli imefana. Imefana... sana."

Nyie! Mtu anatoka kwenye karamu akiyumba kwa njaa, na bado anasema imefana!

Wageni wakaanza kuondoka kwa mwendo wa matajiri, polepole, kila mmoja akipiga mbweu ya uongo. Fisi akachelewa makusudi. Alizunguka nyuma, akapenya jikoni, akainua kawa ya karibu, akatumbukiza kinywa kizima bila kutazama.

Kra!

"Yalaa! Jino langu!"

"Ndiyo," akasema Bi Pimbi aliyekuwa amesimama mlangoni. "Leo ni shughuli ya jino."

"Bi Pimbi! Haya ni mawe! Umetudanganya! Naenda kumwambia Mzee Tembo sasa hivi!"

"Nenda, shemeji. Nami nitakuja nyuma yako nimwambie nilikukuta jikoni kwangu, kichwa kimo ndani ya kawa, wakati mkeo amesema mbele ya kijiji kizima kwamba umeshiba. Sijui mkeo atafurahi?"

Fisi akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. Akamsikia mkewe anamwita kule nje, "Wewe uko wapi? Unaniaibisha!"

Akajifuta kinywa, akatoka nje ameshika taya kwa maumivu. "Nilikwenda kuonja tu kidogo," akamwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Pilau ile... pilau ile ngumu kuisahau."

Walipokwisha kuondoka wote, Bwana Pimbi akakunja mikono ya kanzu. "Haya, mke wangu, wameshiba wao. Tule sisi!" Akafunua kawa. Akatazama. Akaifunika. Akaifunua tena.

"Mke wangu, mbona mawe?"

"Ulitaka wakubwa waone masinia mazito. Wameyaona."

"Na mchele?"

"Uko ghalani. Nenda ukautazame."

Akaenda. Akaukuta wote, hakuna hata punje iliyopungua. Akakaa chini akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, kwa sababu aliwaona watoto wake wamelala mlangoni mwa ghala, na akajua ni yeye aliyetaka kuwapikia wageni riziki yao.

Kiangazi kikaja. Kilikuja kikali kuliko miaka yote. Bonde likapasuka. Majigambo walikuwa wamekula mpunga wao kwenye shughuli za meno na za chokaa. Tembo na Kiboko hawakuwa na hata cha kumwaga, wala samaki hawakuwa na cha kukichoka.

Asubuhi moja Bi Pimbi alikuwa anapika uji wa mchele, kifuu kimoja kama kawaida, maji mengi. Akasikia tu, tu, tu, hatua nyepesi kuliko zamani.

"Hodi."

"Karibu, Mzee Tembo! Shikamoo!"

"Marahaba." Ngozi yake ilikuwa imemlegea kama nguo ya kuazima. "Nilikuwa napita tu."

"Njia hii inaishia hapa kwangu, Mzee. Unapita kwenda wapi?"

Tembo akatazama mwamba, akatafuta njia, hakuiona. Mara Kiboko akatokea, naye alikuwa anapita tu. Na nyuma yake Fisi na mkewe, ambao kwa bahati nao walikuwa wanapita tu.

"Karibuni uji," akasema Bi Pimbi.

Na ulimi wa Tembo, kwa mazoea ya miaka mingi, ukajibu kabla ya tumbo. "Ahsante, mwanangu, nimesha..."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Pimbi, akafunika chungu.

Lo! Mngemwona Tembo alivyokitazama kile kifuniko! Kiboko naye alikuwa ameshafungua kinywa ili aseme amekula mara mbili, akakifunga.

Fisi ndiye aliyeshindwa. Akajinasua mikononi mwa mkewe.

"Mie nina njaa! Nina njaa! Nina njaa tangu siku ile uliponitafunisha jiwe!"

Kiboko akageuza shingo.

"Jiwe gani?" akauliza Tembo polepole.

Fisi akaziba mdomo, lakini neno limeshatoka. Ikabidi aeleze yote, kawa, mvuke, kra. Kiboko akavimba. Tembo akatandaza masikio.

"Pimbi! Ulitupikia mawe?"

"Niliyapika, Mzee, lakini hamkula. Nyote mlisema mmeshiba. Mimi mdogo nitabishana vipi na wakubwa?"

"Ulitudhihaki!"

"Mzee, unausikia huu uji unavyonukia? Ni wa mchele upi?"

Tembo akanusa.

"Ni ule ule wa shughuli ya jino. Mngeula Ijumaa ile, leo ndani ya chungu hiki yangekuwamo mawe. Na leo nisingekuwa nawatania."

Nguruuuuu! likasema tumbo la Tembo. Safari hii mtu hakutaja mvua. Yule mkuu wa kijiji akakaa chini, masikio yakamlegea, na sauti ikamtoka ndogo kuliko ya pimbi.

"Mwanangu. Nina njaa. Watoto wangu wana njaa."

"Sema kwa nguvu kidogo, Mzee. Kaka Kiboko hakusikia."

"Nina njaa!"

"Na mimi!" akasema Kiboko, akaanza kulia bila haya.

Bi Pimbi akafunua chungu. Akaongeza maji, akaongeza vifuu viwili vya mchele, na mkono wake ulikuwa mzito alipokuwa anaongeza, nawaambia ukweli, maana alijua vinatoka tumboni mwa nani. Lakini alikuwa mama, na watoto wa Tembo nao ni watoto. Kisha akachukua kile kifuu.

"Shoga," akasema Bi Fisi, kanga yake imepauka, "chombo kingine hakuna? Kifuu kimoja kwa watu wote hawa?"

"Kimoja kinatosha, shoga. Si unajua, tunalisha kasuku. Pangeni foleni, kama pale kisimani."

Wakapanga. Tembo akatumbukiza ncha ya mkonga, srrrp, kikaisha kwa pumzi moja. Akakirudisha kifuu kwa mikono miwili, ningesema, kama angekuwa na mikono. Hakuomba cha pili. Jioni yake wachotaji walikuta utaratibu wa kisima umefutwa, mwenye kiu anachota.

Mwaka uliofuata yule mtoto wa Pimbi akaota jino la pili. Bi Fisi aliliona, akatazama pembeni, akaenda zake.

Mimi nimemaliza, na atakayenifuata na maswali aje ameshakula kwao kweli kweli. Mliyoyasikia ni haya tu: mkipika, pikeni kwa kuutazama uso wa watoto wenu na si wa majirani.